Kumrudi Mtoto na Kujirudi: Fimbo, Ukamilifu na Huruma katika Rosa Mistika

Riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, na tangu hapo imepata wahakiki wengi. Hukumu iliyozoeleka juu yake ni nyepesi kuitamka. Zakaria ni baba mkali na mlevi. Anamfungia binti yake mlango wa dunia. Binti akishatoka nje ya macho ya baba anaufungua mlango huo kwa fujo, anapotoka, na mwishowe anajiua. Malezi makali, basi, huzaa upotovu. Wanafunzi wetu huandika hivyo katika mitihani, nasi huwapa alama zao.

Makala haya hayakusudii kuipinga hukumu hiyo. Yanakusudia kuonyesha kwamba inaeleza sehemu ya kati ya riwaya na kuuacha mwisho wake bila maelezo. Kama kweli Rosa ameitupa sheria ya babake, mbona anakufa kwa ajili yake? Mtu aliyekwisha kuasi hauawi na amri aliyoiasi. Rosa anajitoa uhai baada ya Charles, mwanamume aliyetaka kumwoa, kumkataa kwa kuwa si bikira. Na ubikira ndilo jambo lile lile ambalo Zakaria alikuwa akililinda kwa fimbo miaka mingi kabla. Kwa hiyo sheria haikutoka. Ilikuwa imeketi ndani ya Rosa muda wote aliokuwa akiivunja, na siku ilipopata shahidi wa nje ilisimama ikatoa hukumu.

Kabla ya kuingia katika matini yatupasa kuyaangalia maneno tunayoyatumia, maana katika jambo hili lugha yenyewe ina mengi ya kusema. Kiswahili husema kumrudi mtoto, yaani kumwonya, kumkaripia au kumpiga ili aache kosa. Kitenzi ni kile kile cha kurudi nyumbani. Sitaki kuingia katika mjadala wa asili ya maana hizo mbili na jinsi zilivyokutana. Yatosha kwamba katika masikio ya msemaji wa leo zimekaa jirani, na anayemrudi mtoto aonekana kama anayemrejesha mahali alipotoka. Kisha tuna kujirudi. Huyu ni mtu mzima aliyejiona amekosea, akajionya mwenyewe, akashika njia. Mtu anayejirudi hasifiwi kwa kutokosea. Asifiwa kwa kuwa amekosea na bado anaweza kusimama.

Hapa ndipo penye kipimo cha malezi yoyote. Kumrudi mtoto kuna maana iwapo siku moja mtoto huyo ataweza kujirudi. Kukiwa na kurudiwa tu, mtoto hujifunza kuogopa mkono wa mwingine, na mkono huo ukiondoka hubaki na mambo mawili: ama kutojali kabisa, ama kuwa yeye mwenyewe ndiye mkono. Wahakiki wameona jambo la kwanza kwa Rosa. La pili, ambalo ndilo baya zaidi, limepita bila kuangaliwa.

Hekima ya wahenga, ambayo mara nyingi huitwa mahakamani kumtetea mwenye fimbo, haisemi kwa sauti moja. Ni kweli tuna samaki mkunje angali mbichi, na tuna mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini wazee hao hao walisema kuteleza si kuanguka, na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali mbili za kwanza humwambia mzazi. Mbili za mwisho humwambia aliyekosea. Zinahitajiana. Mwalimu akizifundisha za kwanza na kuziacha za pili atakuwa ameufundisha nusu ya urithi, na nusu hiyo ndiyo aliyokuwa nayo Zakaria.

Tuiangalie sasa riwaya. Jina lake lenyewe ni mzigo. Rosa Mystica, Waridi lenye Fumbo, ni mojawapo ya majina anayoitwa Bikira Maria katika Litania ya Loreto. Msichana wa Ukerewe amepewa jina la kiumbe asiye na doa, na dada zake nao wamebeba majina yenye kuangalia juu: Flora, Honorata, Stella, Sperantia. Mama yao ni Regina, yaani malkia, na hakuna mwanamke katika nyumba hiyo aliye mbali zaidi na enzi kuliko yeye. (Zakaria wa Injili ya Luka, tukumbuke, alipigwa ububu kwa kukosa imani, huyu wetu angefaidika na ububu kidogo.) Kejeli ya majina haya haikuwekwa kwa mapambo. Inatuonyesha nyumba inayodai ukamilifu kwa wote waliomo isipokuwa yule anayeudai.

Tukio la barua ndilo chimbuko la yote. Rosa angali msichana mdogo, anaandikiwa barua na mvulana, Charles, na kwa barua hiyo Zakaria anampiga kipigo kikali. Tuone vizuri kinachoadhibiwa hapa. Rosa hajafanya lolote. Ameandikiwa. Adhabu haikufuata tendo; imefuata hali ya kupendeka kwake, jambo ambalo hawezi kuliacha hata akitaka. Mtoto anayepigwa kwa kuiba sukari ajua mpaka uko wapi: asiibe tena. Lakini mtoto anayepigwa kwa kuwa jicho la mtu limemwangukia hana mpaka wa kuushika. Mbele yake hakuna ila kutokuwa na dosari kabisa, katika mambo aliyoyatenda na yale asiyoyatenda pia. Nadhani hilo ndilo tofauti kubwa kati ya adabu na kitisho, na Kezilahabi ameliweka katika tukio moja bila kulihubiri.

Ongeza juu yake kwamba anayepiga ni mlevi. Watoto huona. Zakaria hanyoshi kidole kwa nafsi yake hata mara moja. Pombe yake haina kesi. Basi katika nyumba ile kosa halina njia ya kutoka. La mtoto huadhibiwa na la baba halitajwi. Hakuna anayeomba radhi, hakuna anayesamehewa, hakuna aliyeonekana akianguka na kuinuka. Rosa atajifunzia wapi kuinuka?

Wengine wamemtaja Regina kuwa ndiye upande wa huruma. Sikubaliani nao sana. Upole wa Regina ni wa kweli, na msomaji humpenda, lakini ni upole uliopigwa ukanyamaza. Mtoto anaweza kuufahamu upole huo kama udhaifu tu, kitu ambacho huwapata wanaoshindwa. Huruma isiyo na sauti haiwezi kushindana na sheria yenye fimbo.

Sehemu ya shule na ya chuo nitaipita upesi, kwa kuwa imejadiliwa vya kutosha. Rosa anaanza akiwa mwanafunzi mtiifu mwenye hofu ya wanaume, wenzake wanamcheka, kisha kizuizi kinavunjika naye anakwenda kwa wanaume mmoja baada ya mwingine, wenye vyeo wakiwamo. Ninaloomba msomaji alitazame upya ni kasi ya badiliko hilo. Hakuna kati. Ama Rosa ni safi kabisa, ama amekwisha. Mwenye kuishi kwa ukamilifu hana mahali pa kuweka kosa moja. Doa la kwanza likiingia nguo yote imechafuka, na nguo iliyokwisha kuchafuka haina sababu ya kuinuliwa isiburute matopeni. Upotovu wa Rosa, nionavyo mimi, si kinyume cha ukali wa Zakaria. Ni ukali ule ule uliogeuzwa ndani nje.

Kisha inakuja sehemu ambayo wahakiki huikimbia. Rosa anajirudi. Anaacha mwenendo wake, anafanya kazi ya ualimu, anakutana tena na Charles, wanapanga kuoana. Kezilahabi angeweza kumwua Rosa katikati ya maovu yake, na hapo tungepata hadithi ya maadili iliyo kamili na isiyo na maana. Hakufanya hivyo. Amemwacha apone kwanza, ndipo akamleta Charles na swali lake la ubikira. Kwa hiyo kinachomwua Rosa si makosa yake, kwa maana hayo amekwisha kuyaacha. Kinachomwua ni kwamba kujirudi kwake hakuhesabiwi. Charles hakuhesabu, na Rosa, aliyelelewa na Zakaria, anamwamini Charles. Hana ndani yake mtu wa kumjibu.

Wataalamu wa saikolojia wana maneno yao kwa jambo hili, nasi hatuna haja ya kuyakimbia wala ya kuyaabudu. Paul Hewitt na Gordon Flett, mwaka 1991, walitenganisha aina tatu za kutaka ukamilifu: ule mtu anaojitakia mwenyewe, ule anaowatakia wengine, na ule anaoamini kwamba wengine wanamtaka awe nao. Kristin Neff, mwaka 2003, alieleza huruma ya mtu kwa nafsi yake kuwa na sehemu tatu: kujitendea kwa wema badala ya kujilaumu, kutambua kwamba kukosea ni fungu la wanadamu wote, na kuyatazama maumivu yako bila kuyakuza wala kuyakana. Ukimpima Rosa kwa vipimo hivi utaona kwamba matakwa ya baba, ya Charles na yake mwenyewe yamekuwa kitu kimoja, na kwamba sehemu ile ya pili ya Neff, ya kuona kuwa wote hukosea, ndiyo aliyoikosa zaidi. Alikulia katika nyumba ambamo aliyekosea alikuwa mtoto daima.

Lakini tujihadhari. Riwaya si jedwali la utafiti, na utafiti wenyewe hausemi kwa urahisi tunaoupenda. Jennifer Lansford na wenzake walichapisha mwaka 2005 uchunguzi wa akina mama na watoto wa nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo, nao walikuta kwamba pale ambapo adhabu ya viboko huonwa na jamii kuwa jambo la kawaida, uhusiano wake na wasiwasi na ugomvi wa watoto hupungua. Hupungua, lakini hautoweki. Hili linamtaka mhakiki asiseme kwamba kila fimbo huzaa Rosa. Wengi walichapwa wakakua salama. Swali lifaalo ni nini kilichokuwapo pamoja na fimbo katika nyumba nyingine, ambacho hakikuwapo kwa Zakaria.

Jibu ninalolipendekeza limo katika fasihi yetu ya zamani zaidi, na ajabu ni kwamba limo katika utenzi unaodai ukamilifu kuliko riwaya yoyote. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Kama miaka miwili baadaye alifariki. Wasomaji wa siku hizi, hasa wanawake, huuona kuwa utenzi mgumu kuumeza, na wana haki. Mafunzo yake kwa mke ni marefu na hayana upenyo: dini, ulimi, nyumba, mwili, mume aliyelala, mume aliyeamka. Hakuna mwanadamu awezaye kuyatimiza yote kila siku.

Hata hivyo utenzi huo hauishii katika mafunzo. Mama akisha kuagiza, anageuka. Sehemu ya pili ni dua. Yule yule aliyekuwa akiamuru sasa amesimama mikono mitupu, anamwomba Mola afya, msamaha na ulinzi, kwa nafsi yake, kwa watoto na ndugu zake na kwa Waislamu wote. Wahakiki wameichukulia sehemu hii kuwa desturi ya fani tu, kitu ambacho tenzi huwa nacho. Ni desturi, ndiyo. Lakini fikiri jinsi inavyosikika masikioni mwa binti. Mwenye sheria ameonekana akiomba rehema. Mwana Hashima hakuachiwa orodha ya wajibu peke yake. Ameachiwa pia mfano wa mtu mzima anayejua kwamba hatoshi, na asiyekufa kwa kujua hivyo. Shaaban Robert alipowatungia wanawe Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili alikuwa katika mkondo huo huo wa wosia. Zakaria hakuwahi kuonekana akiomba.

Shaaban Robert analo pia jambo la fimbo yenyewe, nalo linastahili kukaliwa kidogo. Katika Adili na Nduguze, Adili alazimika kuwachapa kila usiku manyani wawili ambao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa hivyo na jini Huria kwa ubaya waliomtendea. Huwachapa kwa amri, kisha huwafariji na kuwalisha. Ni mandhari ya kutisha, na sijui kwa nini tumezoea kuwasomesha watoto bila kushtuka. Anayepiga analia, wanaopigwa hawana lugha ya kujitetea, adhabu haina siku ya mwisho. Mpaka mfalme Rai anapata habari na kuuliza kwa nini. Swali hilo la mfalme ndilo kipindupindo cha hadithi. Adhabu iliyokuwa ikiendeshwa gizani kama kawaida ya nyumba inatolewa nje, inaelezwa chanzo chake, na kukomeshwa.

Twajua kwamba hadithi hii ina ndugu yake katika Alfu Lela Ulela, ile ya Abdullah bin Fadhil na mbwa wawili. Huko, ndugu wakisharudishiwa umbo lao hawabadiliki, wanamwua aliyewasamehe. Shaaban Robert ameugeuza mwisho huo. Kwake, wanaorudishiwa ubinadamu huona haya, hutubu, nao husamehewa. Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ni ndoto ya mtunzi aliyependa wema kupita kiasi. Mimi naona ni hoja: msamaha ndio uliowawezesha kujirudi, si viboko vya usiku vilivyotangulia. Nina dukuduku moja tu. Ndugu wawili waliotaka kuua walipata msamaha. Msichana wa Ukerewe aliyejidhuru mwenyewe zaidi ya kumdhuru mtu mwingine yeyote hakupata. Pengine tofauti ni ya watunzi wawili na nyakati mbili. Pengine ni ya waume na wake. Ningependa kuona mtafiti kijana akilifuata suala hili katika fasihi yetu nzima: nani husamehewa katika Kiswahili, na kwa kosa gani?

Turudi kidogo kwenye maneno. Nimejaribu darasani kutafsiri dhana ya Neff na nimekwama. Kujihurumia na kujionea huruma yanaelekea ubaya. Anayejihurumia kwetu ni mtu anayekaa pembeni akilia hali yake. Kujisamehe huweza kusikika kama kujipa ruhusa. Kujistahi kuko karibu na heshima kuliko rehema. Nafikiri tatizo hili si la uhaba wa msamiati. Kiswahili kimeyaweka mambo ya huruma mikononi mwa wengine. Radhi hutoka kwa mzazi, rehema kwa Mungu, na sitara kwa jirani: mtu mwema ni yule anayekusitiri aibu yako. Kiambishi -ji- hakikai raha katika vitenzi hivi, kwa kuwa jamii iliyoviunda haikutarajia mtu abaki peke yake na kosa lake. Huo ni utajiri. Lakini ni utajiri wenye hatari, kwa sababu ambaye baba hakumpa radhi, mchumba hakumsitiri, na kijiji kinamnong'ona, hana neno la kujifunika. Rosa yuko katika shimo hilo la lugha pia.

Yote haya yanatuhusu sisi tunaofundisha kuliko tunavyopenda kukiri. Viboko viliondolewa katika shule za Kenya mwaka 2001, na Katiba ya 2010 imemlinda kila mtu na adhabu ya mwili. Wino mwekundu haukupigwa marufuku. Kuna wanafunzi, tena walio bora, ambao hawaleti insha kwa sababu haijawa kamili. Ambao katika semina hawafungui kinywa kwa kuogopa kukosea upatanisho wa ngeli mbele ya mwenzao wa pwani. Wengi wao walivishwa monto wakiwa wadogo kwa kusema lugha ya mama, na wamejifunza kwamba lugha ni mahali pa kukamatwa. Mwanafunzi wa namna hiyo akiandika kwamba Zakaria alikuwa baba mkali, nasi tukamrudishia karatasi iliyojaa mikwaju myekundu pasipo neno moja la kumwambia alichofanya vizuri, sijui nani kati yetu anaielewa riwaya.

Yabaki sura ya mwisho. Kezilahabi anatutoa duniani na kuwasimamisha baba na binti mbele ya Mungu, ambako wanatoleana lawama. Sehemu hiyo imeonwa kuwa kasoro ya fani, kwamba mwandishi ameiacha njia ya uhalisia aliyoianza na kukimbilia mahubiri. Siioni hivyo. Muda wote wa riwaya mahakama imekuwapo, lakini imekuwa ndani ya Rosa, na ndani mle mshtakiwa alikuwa mmoja tu. Mwandishi ameitoa nje ili kwa mara ya kwanza Zakaria naye aulizwe. Katika ulimwengu wa Namagondo hapakuwa na mfalme Rai wa kuuliza, kwa hiyo ilibidi swali lipande juu. Kwamba Rosa Mistika ilizuiliwa kusomwa katika shule za Tanzania kwa muda baada ya kutoka, hilo nalo lasomeka vizuri likiwekwa kando ya sura hii: kitabu kilichouliza juu ya fimbo kilichapwa. Mwalimu anayeifundisha leo aipe sura hiyo kipindi chake, hata kama mtihani hauiulizi, na awaache wanafunzi waseme ni upi kati ya wale wawili aliyekuwa bado hajapata kusikilizwa.